Umeongeza RAM, Laptop Imegoma: Namna ya Kulisaka Kosa Mwenyewe

Laptop nyingi za mtumba zinazouzwa Kariakoo, au Luthuli Avenue kule Nairobi, zilianza maisha maofisini, Ulaya au Marekani. Ni HP EliteBook, Dell Latitude na Lenovo ThinkPad: mashine zenye mwili mgumu, spea zake zinapatikana, na kuzifungua si kazi kubwa. Shida ni kwamba nyingi hufika na RAM ya GB 4, na GB 4 siku hizi haimtoshi hata mtu wa kivinjari na hati moja ya Word. Basi mwenye laptop ananunua RAM ya GB 8, anaichomeka mwenyewe au anamwachia kijana wa dukani, anabonyeza kitufe. Taa inawaka, feni inazunguka, kioo kinabaki cheusi.

Hapo maneno huanza. Muuzaji wa RAM anasema laptop yako ilikuwa mbovu tangu zamani. Fundi anasema madabodi imekufa. Mara nyingi hakuna kilichokufa. RAM si kifaa cha kuharibika ovyo, na ikigoma siku ileile ya kupachikwa, sababu huwa moja kati ya tatu: aina yake haipatani na mashine, haijakaa vizuri, au sloti inamoingia ina kasoro. Kujua ni ipi kati ya hizo hakuhitaji kifaa cha kupimia. Kunahitaji subira, bisibisi, na RAM yako ya zamani.

Hiyo ya zamani naisisitiza tangu sasa kwa sababu watu wengi huiacha dukani kama nyongeza ya bei. Usifanye hivyo. RAM ya zamani ndiyo shahidi pekee unayejua kwamba jana ilikuwa inawasha mashine hii. Ukiiacha, kila unachosema baadaye ni neno lako dhidi ya neno la muuzaji. Kaa nayo mpaka mpya imalize wiki moja bila lawama.

Mfano wangu mkuu hapa ni HP EliteBook 840 G1, maana ni nyingi mtaani na ina mitego yote miwili ninayotaka kuionyesha. Kama yako ni nyingine, utaratibu ni uleule.

Hatua ya 1: Jua mashine inakubali nini

Ukiwa bado ndani ya Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha la Task Manager likifunguka, nenda kwenye "Performance", kisha "Memory". Kwenye Windows 10 na 11 utaona RAM iliyopo, kasi yake, na mstari unaosema "Slots used", yaani sloti ngapi zimetumika kati ya ngapi. Chini yake kuna "Form factor". Ikiandika SODIMM, RAM yako inachomoka. Ikiandika "Row of chips", RAM imechomelewa juu ya madabodi na huna cha kuchomoa.

Usiamini mstari wa sloti kwa asilimia mia. Baadhi ya BIOS, ile programu inayoamsha mashine kabla ya Windows, hutoa taarifa za uongo hapo. Pima pamoja na jina la modeli. ThinkPad X1 Carbon na MacBook Air zote RAM yake imechomelewa, hivyo anayekuahidi kuiongeza anakuambia hadithi. ThinkPad T450s na T480s zina sehemu iliyochomelewa na sloti moja ya kuongezea. ThinkPad X240, X250 na X270 zina sloti moja tu, kwa hiyo kuongeza ni kubadilisha: inatoka ya zamani, inaingia kubwa zaidi. EliteBook 840 G1, Latitude E7470 na ThinkPad T480 zina sloti mbili.

Andika pia jina kamili la prosesa. Kwenye i5-4300U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi: 4. i5-5300U ni kizazi cha 5, i5-8350U ni cha 8. Tarakimu hiyo itaamua mengi katika hatua inayofuata.

Hatua ya 2: Soma lebo kabla ya kutoa pesa

Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea, kwa hiyo tukae kidogo.

Lebo ya RAM ina mstari mmoja unaobeba karibu kila kitu. Chukua huu: 8GB 2Rx8 PC3L-12800S. Mwanzo ni ukubwa. PC3 inakuambia ni DDR3; PC4 ingekuwa DDR4. Namba 12800 ni kasi, na ndiyo ileile watu wanayoiita DDR3 ya 1600. S ya mwisho inaonyesha ni RAM fupi ya laptop, siyo ile ndefu ya kompyuta ya mezani.

Kukosea kati ya DDR3 na DDR4 si rahisi, kwa sababu haziingiliani. DDR3 ya laptop ina pini 204, DDR4 ina 260, DDR5 ina 262, na pengo lililokatwa katikati ya meno liko mahali tofauti kwa kila kizazi. Ikikataa kuingia, imekataa. Usiilazimishe kwa kidole gumba. Mitego iko kwenye zile zinazoingia vizuri kabisa, zikabana, halafu mashine isiwake.

Mtego wa kwanza ni herufi L. DDR3 ya kawaida hutumia volti 1.5, DDR3L hutumia volti 1.35. Umbo ni moja, pengo ni moja. EliteBook 840 G1 inataka ya volti 1.35 tu. Ukiipa PC3-12800S isiyo na L, inakaa kwenye sloti kama mwenyeji na mashine inanyamaza. Kwa RAM za Samsung, tazama mwisho wa namba ya modeli: ikiishia na YK0 ni ya volti 1.35, ikiishia na CK0 ni ya 1.5. Herufi hizo ni ndogo, na lebo za mtumba huwa zimechakaa, lakini ukiinamisha RAM kwenye mwanga zinasomeka. Kinyume chake hakina shida: laptop kongwe iliyozoea volti 1.5, mathalani ThinkPad T420, kwa kawaida huipokea DDR3L bila kelele, maana DDR3L imeundwa kuvumilia volti zote mbili.

Mtego wa pili unawashinda hata wauzaji wazoefu. Ni ujazo wa chipu zenyewe. RAM ya DDR3L ya GB 8 inaweza kujengwa kwa namna mbili. Ya kwanza ina chipu 16, nane kila upande, kila moja gigabiti 4. Hiyo lebo yake ni 2Rx8. Ya pili ina chipu 8 tu, kila moja gigabiti 8. Lebo yake ni 1Rx8. Prosesa za Intel za kizazi cha 4 kurudi nyuma haziwezi kusoma chipu za DDR3 za gigabiti 8. Kwa hiyo ukienda na 840 G1 yako, hesabu chipu. Ukiona 16, endelea. Ukiona 8 kwenye RAM ya DDR3L inayodai GB 8, mrudishie muuzaji kwa heshima. Si mbovu, itawaka kwenye laptop ya DDR3L ya kizazi cha 5 kwenda juu, na ndiyo maana muuzaji ataapa kwamba ameijaribu na imefanya kazi. Anasema kweli. Ameijaribu kwenye mashine nyingine.

Jambo hilohilo linaeleza kwa nini ThinkPad X240 na X250, zinazofanana kama mapacha, hazilingani kwenye RAM. X250 ni ya kizazi cha 5 na inawaka na RAM moja ya GB 16. X240 ni ya kizazi cha 4 na mwisho wake ni GB 8.

Tahadhari hiyo ya chipu inahusu DDR3 na DDR3L. Kwenye DDR4, GB 8 yenye chipu 8 ni jambo la kawaida, usiikimbie.

Kasi haina ugomvi mkubwa. RAM ya 2666 kwenye mashine ya 2400 itashuka hadi 2400, na ukichanganya mbili zenye kasi tofauti, zote hufuata ya polepole. Kampuni iliyozitengeneza nayo si hoja. Samsung, SK hynix na Micron hukaa pamoja kwa amani ilimradi aina ni moja. Ukubwa ukilingana ni bora zaidi, kwa sababu prosesa inasoma zote mbili kwa pamoja, na faida yake huonekana kwenye laptop zinazotumia RAM hiyohiyo kwa ajili ya picha. Lakini GB 4 na GB 8 pamoja zinafanya kazi. Usiogope GB 12.

Jambo la mwisho dukani: kubali RAM yenye lebo ya kiwandani, siyo yenye stika ya duka iliyobandikwa juu yake, na kubaliana na muuzaji kuhusu kurudisha kabla ya kulipa. Baada ya kulipa mazungumzo hubadilika.

Hatua ya 3: Zima kweli, fungua, pachika

Kuzima kwa kawaida kwenye Windows 10 na 11 mara nyingi si kuzima kamili. Mfumo huhifadhi sehemu ya hali yake ili kesho uwake haraka. Shikilia Shift huku ukibofya "Shut down". Kisha chomoa chaja.

Betri ni lazima ikatwe. Kwenye 840 G1 mfuniko wa chini unatoka kwa kusukuma kitasa, na betri iko pale ndani. ThinkPad T480 inawadanganya wengi: ina betri mbili, moja ya nje unayoiona na nyingine ndani. Kuchomoa ya nje peke yake kunaacha umeme kwenye madabodi. Kabla ya kuifungua, ingia BIOS kwa F1 wakati wa kuwasha, nenda "Config", kisha "Power", uchague "Disable Built-in Battery". Mashine itajizima, na betri ya ndani itabaki imekatwa mpaka uchomeke chaja tena. Kwa laptop zisizo na chaguo hilo, ng'oa kiunganishi cha betri kwa kucha au kijiti cha plastiki ukishika kichwa chake, kamwe usivute nyaya. Halafu bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde 15 hivi kumaliza umeme uliobaki.

Gusa chuma kisicho na rangi kabla ya kugusa RAM, na usifanyie kazi hii juu ya zulia au blanketi. Piga picha ya ndani kwa simu kabla ya kutoa chochote.

Kama sloti ya pili huioni, usihitimishe haipo. Kwenye HP EliteBook 8460p, sloti moja iko chini na nyingine iko chini ya kibodi.

Kutoa RAM: sukuma vibanio viwili vya pembeni kwenda nje kwa wakati mmoja, nayo itainuka yenyewe. Kuweka: shika kingo zake, linganisha pengo na kijino cha sloti, iingize ikiwa imeinama kama nyuzi 30, usukume mpaka meno ya dhahabu yabaki kama uzi mwembamba tu. Hapo ndipo unapoibonyeza ilale, na vibanio vyote viwili vishike kwa mlio. Wengi huilaza kabla haijafika ndani. Vibanio hushika hata hivyo, kila kitu kinaonekana sawa, na upande mmoja wa meno haugusi. Tazama kwa usawa wa macho: mstari wa dhahabu ukiwa mpana upande mmoja na mwembamba upande wa pili, itoe uanze upya. Laptop nyingi "zilizokufa" zimekufia hapa.

Usirudishe skrubu zote sasa. Weka mfuniko bila kuukaza, au uiache wazi juu ya meza kavu, kwa sababu huenda ukarudi ndani.

Hatua ya 4: Iwashe na usiwe na haraka

Rudisha betri au chomeka chaja, bonyeza kitufe, subiri. Mashine ikikuta RAM mpya huanza kuipima na kujifunza namna ya kuongea nayo. Kwenye DDR3 na DDR4 ni sekunde chache, wakati mwingine inajizima na kujiwasha tena yenyewe. Kwenye DDR5 kioo kinaweza kukaa cheusi dakika kadhaa. Anayezima na kuwasha kila baada ya sekunde 20 anaikatiza kila mara na kujihesabia kwamba imekufa.

Ikiwaka, ingia BIOS kwanza kabla ya Windows: F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 kwa ThinkPad. Ukurasa wa taarifa za mfumo utaonyesha jumla ya RAM. BIOS ikiona GB 12 au 16 ulizotarajia, kazi ya kupachika imekwisha. Tatizo litakalojitokeza Windows baada ya hapo lina sehemu yake huko chini.

Kioo cheusi

Tenganisha hali mbili. Ikiwa hakuna taa, hakuna feni, hakuna dalili yoyote ya uhai, RAM huenda haihusiki kabisa. Hapo angalia kiunganishi cha betri, chaja, na kebo ndogo uliyoweza kuigusa wakati wa kufungua.

Ikiwa taa zinawaka na kioo ni cheusi, tazama taa zinasema nini. EliteBook za kipindi cha 840 G1 humweka taa za Caps Lock na Num Lock. Zikimweka mara 3, zikatulia, zikarudia mara 3, zinalalamikia RAM. Latitude za miaka ya karibuni hutumia taa ya betri: rangi ya chungwa mara 2 kisha nyeupe mara 3 ni "sioni RAM", 2 kisha 4 ni "RAM ina hitilafu", 2 kisha 5 ni "RAM hii si ya aina yangu". Hiyo ya mwisho inakuepusha na kazi yote inayofuata. Inakurudisha moja kwa moja dukani. Mashine nyingine hulia milio badala ya taa, na maana yake hutofautiana kwa kampuni, lakini milio inayojirudia mara tu baada ya kugusa RAM inahusu RAM hiyohiyo.

Sasa fanya jaribio lenyewe. Kanuni ni kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na kukata umeme kila mara kabla ya kuingiza mkono. Ziite sloti A na B.

Toa RAM zote. Weka ya zamani peke yake, kwenye sloti ilimokuwa jana. Washa.

Isipowaka hata hapo, RAM mpya haina hatia. Kitu kingine kimevurugika ulipofungua: RAM haijakaa, betri haijashika, au kuna vumbi kwenye sloti. Safisha meno ya RAM kwa raba laini nyeupe ya penseli, ukisugua taratibu kuelekea ukingoni, kisha pangusa mabaki kwa kitambaa chenye alkoholi ya isopropili. Kwa wanaoishi Tanga, Mombasa au Unguja hili si la kupuuza. Hewa ya chumvi huacha ukungu kwenye meno usioonekana kwa haraka. Sloti yenyewe ipulizie hewa ya pampu, si ya mdomo, kwani mdomo unatoa mate. Rudia.

Ikiwaka, ihamishe RAM hiyohiyo ya zamani kwenye sloti ya pili. Ikiwaka kote kuwili, sloti zote ni nzima. Ikiwaka A na kugoma B, umeshapata mkosaji, na ni sloti B.

Sasa chukua mpya, peke yake, kwenye sloti uliyokwisha kuthibitisha. Ikigoma mahali ambapo ya zamani imewaka dakika mbili zilizopita, basi RAM mpya ama ni mbovu ama si ya mashine hii. Rudi kwenye lebo: L, idadi ya chipu, kizazi cha prosesa. Kama vyote viko sawa, iombe ijaribiwe kwenye laptop nyingine ya modeli ileile, si laptop yoyote. Ikigoma huko pia, ni mbovu.

Mpya ikiwaka peke yake, na ya zamani ikawaka peke yake, lakini zikiwekwa pamoja zinagoma, ni suala la kutopatana. Jaribu kubadilishana sloti. Mara nyingine hilo pekee linatosha. Likishindikana, sasisha BIOS kwa toleo jipya kutoka tovuti ya mtengenezaji, ukiwa na RAM ya zamani peke yake, betri imejaa na chaja imechomekwa. Umeme ukikatika katikati ya kusasisha BIOS bila betri, hapo ndipo utakuwa na madabodi iliyokufa kweli. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, isimamishe kwanza, vinginevyo utaombwa ufunguo wa urejeshaji ambao watu wachache wanakumbuka walikouhifadhi.

Inawaka, lakini RAM haijaongezeka

BIOS inaona GB 8, Windows inakubali kutumia GB 3 na ushee. Hiyo ni Windows ya biti 32, ambayo mwisho wake ni GB 4 hata ukiweka 64. Nenda "Settings", "System", "About", usome "System type". Dawa ni kufuta na kuweka ya biti 64; hakuna njia ya mkato ya kuigeuza iliyopo, kwa hiyo nakili mafaili yako kwanza. Laptop nyingi za mtumba huwekewa biti 32 na mtu aliyekuwa na haraka tu.

Kama ni ya biti 64 na bado inapunguza, andika msconfig kwenye kisanduku cha kutafutia, fungua "Boot", kisha "Advanced options". Kisanduku cha "Maximum memory" kikiwa na alama, kiondoe. Kuna ushauri unaozunguka mitandaoni wa kukiweka alama ili laptop iwe na kasi. Hauna faida yoyote. Windows hutumia RAM yote bila kuombwa.

Kupungua kwa megabaiti mia chache ni kawaida, kwani prosesa inayochora picha hujitengea sehemu yake. GB 7.7 kati ya 8 si kosa. Lakini Task Manager ikiandika GB 4 nzima kwenye "Hardware reserved", au BIOS yenyewe ikiona nusu tu, rudi kwenye jaribio la sloti: RAM moja haigusi vizuri.

Inawaka vizuri, kisha inaganda

Hii ndiyo inayochosha, kwa sababu laptop inafanya kazi asubuhi, mchana inatoa skrini ya bluu, jioni faili linakataa kufunguka. RAM yenye hitilafu ndogo husoma na kuandika vibaya mahali pamoja tu, na unaligundua siku programu ikifika hapo. Usiendelee kufanyia kazi muhimu mashine ya namna hiyo. Makosa ya RAM huandikwa kwenye diski pamoja na hati zako.

Anza na kipimo kilichomo ndani ya Windows: andika mdsched, kubali kuwasha upya, iache imalize. Kikisema hakuna tatizo, usiridhike bado, maana si kikali. Memtest86+ ni bure na ni kikali zaidi. Unaiweka kwenye flashi, unawasha laptop kupitia flashi hiyo, F12 kwa Dell na ThinkPad, F9 kwa HP. Mashine ikikataa kuisoma, zima Secure Boot ndani ya BIOS kwa muda. Iache ikimbie usiku kucha ikiwa kwenye chaja.

Kusoma majibu ni rahisi: kosa moja ni kosa. Watu hubishana kwamba makosa mawili kati ya mabilioni ya majaribio si kitu. Ni kitu. RAM nzima inatoa sifuri. Ukipata mstari mwekundu, rudia kipimo na RAM moja moja, halafu RAM ileile kwenye sloti nyingine. Makosa yakiifuata RAM, ni ya RAM. Yakibaki kwenye sloti hata ukibadilisha RAM, ni ya sloti. Piga picha ya kioo chenye makosa. Muuzaji anayebisha maneno hubisha kidogo mbele ya picha.

Vipimo vikiwa safi usiku kucha na bado inaganda, acha kuilaumu RAM. Tazama joto, feni iliyojaa vumbi, na diski. Na kama diski yako bado ni ile ya kuzunguka, RAM haitakupa kasi unayoitafuta. Pesa inayofuata inunue SSD. Kwa kweli, kwa laptop ya GB 4 yenye diski ya kuzunguka, mimi ningeanza na SSD.

Ikibidi fundi

Sloti iliyokufa ni kazi ya fundi mwenye hadubini na mkono mtulivu, na mara nyingi haina haja. Laptop yenye sloti moja nzima inaishi vizuri na RAM moja kubwa: GB 8 kwa 840 G1, GB 16 kwa za DDR4. Ni nafuu kuliko madabodi nyingine ya mtumba ambayo nayo historia yake huijui.

Ukienda, nenda na RAM zote mbili na karatasi yenye mistari minne: ya zamani kwenye A, ya zamani kwenye B, mpya kwenye A, mpya kwenye B, na kilichotokea kila mara. Mwombe arudie majaribio hayo manne ukiwa umekaa pale, kabla hajataja bei ya madabodi.